Kiti cha Maniema: Seneti inatuhusu nini sisi tuliorudi?



Siku moja tulikuwa kwenye kikao cha waliorudi, katika kijiji kimoja cha barabara ya Kasongo kwenda Kabambare. Tulikuwa tunaongea juu ya mbegu za mpunga, na juu ya mashamba ambayo wenyewe walikuta yamelimwa na wengine. Redio ilikuwa pembeni, na habari ikapita kwamba maseneta wamekutana Kinshasa. Mama mmoja aliyekuwa anachambua sombe akainua kichwa, akaniuliza: “Mwanangu, huyu seneta wetu, tulimupigia kura siku gani? Mimi nilipiga ya raisi, nikapiga ya depite. Ya seneta sikuonaka hata karatasi yake.”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipopanda pikipiki kurudi Kasongo, lile swali nilikwenda nalo njia nzima. Nimesoma chuo kikuu, nafanya kazi ya shirika, kila wiki napita vijijini kuongea na watu juu ya haki zao, na sikuweza kumjibu mama yule kwa maneno mawili. Nilimwahidi kwamba nitaandika katika kijarida chetu. Jibu ndilo hili. Linaanza mbali kidogo, kwa sababu Seneti yetu ina historia, na historia hiyo imepita pia kwetu.

Juu ya nini nyumba mbili?

Tuanze na jambo ambalo sote tunalijua. Katika chama kama hiki chetu kuna vikundi vikubwa na vikundi vidogo. Tuseme kikundi cha mjini kina watu mia, na kikundi cha kijiji kilichorudi juzi kina watu kumi na wawili. Tukiamua kila kitu kwa kuhesabu mikono, wale kumi na wawili hawatapata zamu hata siku moja. Tukiamua kila kitu kwa kuhesabu vikundi, wale mia watasema wanaonewa, na watakuwa na haki. Basi wenye busara hufanya yote mawili: kunakuwa na mkutano wa wote, ambako kila kichwa kinahesabiwa, na kunakuwa na kamati, ambako kila kikundi kinatuma wajumbe sawasawa. Jambo kubwa linapita pande zote mbili.

Nchi nyingi zilizoundwa kwa majimbo zinafanya vivyo hivyo. Marekani, tangu katiba yao ya 1787, kila jimbo linatuma maseneta wawili, liwe California yenye mamilioni ya watu au Wyoming ambayo watu wake hawafiki hata milioni moja. Ujerumani wana mtindo mwingine: nyumba yao ya majimbo, Bundesrat, inakaliwa na watu wa serikali za majimbo yenyewe, na kila jimbo lina kura kati ya 3 na 6 kufuatana na ukubwa wake.

Kwetu Kongo, Katiba ya Februari 18, 2006 haikutumia neno shirikisho, lakini ilichukua mengi ya shirikisho. Majimbo yana bunge lao, gavana wao na mali yao. Na Kinshasa kuna nyumba mbili: Bunge la Taifa lenye viti 500, ambalo linahesabu watu, na Seneti, ambayo inahesabu majimbo. Kila jimbo lina maseneta 4, na mji wa Kinshasa una 8. Ukijumlisha majimbo 25 pamoja na Kinshasa unapata 108. Katiba inasema pia kwamba raisi wa zamani aliyechaguliwa anakuwa seneta maisha yake yote. Na kifungu cha 104 kinasema wazi: seneta anawakilisha jimbo lake, ingawa kazi yake ni ya taifa lote.

Shikeni hiyo hesabu ya 4, tutairudia. Maniema ina 4, sawa na jimbo lolote lingine, tajiri au maskini.

1960: Seneti ya kwanza

Sisi watu wa huku tunajua amri inayotoka mbali. Zamani Kasongo ilikuwa yenyewe makao ya utawala, wakati wa Tippu Tip na watu wake, mpaka askari wa Dhanis walipoiingia Aprili 1893. Baada ya hapo amri ikatoka Boma, halafu Léopoldville, na kwa miaka mingi ikapitia Bukavu, kwa sababu Maniema ilikuwa wilaya tu ndani ya Kivu.

Uhuru ulipokaribia, Wabelgiji waliandika Sheria ya Msingi ya Mei 19, 1960. Swali kubwa la wakati ule lilikuwa hili: Kongo iwe nchi ya serikali moja yenye nguvu, kama Lumumba alivyotaka, au iwe shirikisho la majimbo, kama walivyotaka watu wa ABAKO na wa Katanga? Seneti ilikuwa sehemu ya kupatanisha pande hizo. Kila jimbo kati ya majimbo sita lilipewa maseneta 14. Waliwachagua ni wabunge wa jimbo, na kati ya hao 14, watatu angalau walipaswa kuwa wakubwa wa asili. Jumla ilikuwa 84, pasipo kujali kama jimbo ni kubwa au dogo. Kwa hiyo, ndugu, jambo hili la seneta kuchaguliwa na wabunge wa jimbo halikuanza jana. Lina umri sawa na uhuru wetu.

Seneti hiyo ilipimwa kabla ya kufikisha miezi mitatu. Septemba 5, 1960, raisi Kasa-Vubu alitangaza kwa redio kwamba amemfukuza waziri mkuu Lumumba, na akamtaja Joseph Iléo kuchukua nafasi yake. Iléo alikuwa nani? Alikuwa mwenyekiti wa Seneti yenyewe. Mtu angefikiri kwamba maseneta watamfuata mkubwa wao. Haikuwa hivyo. Siku tatu baadaye Lumumba alikwenda kuongea mbele yao, na Seneti ikapiga kura ya kumpa imani. Siku moja mbele ya hapo nyumba ya pili nayo ilikuwa imekataa kule kufukuzana.

Tunajua yaliyofuata. Kasa-Vubu akafunga kikao cha bunge, na Septemba 14 kanali Mobutu akatangaza kwamba wanasiasa wote wanawekwa pembeni. Kura ya Seneti haikumwokoa Lumumba. Wengine watasema basi ilikuwa kazi ya bure. Mimi naona ilituachia ushahidi. Leo hakuna anayeweza kusema kwamba wajumbe wa nchi walikubali. Imeandikwa kwamba walikataa, na kwamba walinyamazishwa kwa nguvu. Tofauti hiyo ni kubwa kwa watu ambao, kama sisi, wamezoea kuambiwa kwamba walinyamaza.

1964 hadi 1967: jimbo linapatikana, jimbo linapotea

Baada ya 1962 majimbo sita yalikatwakatwa yakazidi ishirini, na Maniema kwa mara ya kwanza ikawa jimbo lenyewe, nje ya Kivu. Katiba ya Luluabourg, iliyoanza kazi Agosti 1, 1964, ndiyo iliyokaribia zaidi shirikisho la kweli katika historia yetu. Majimbo yalipewa madaraka mengi, na Bunge likabaki na nyumba mbili, Seneti ikiwa mojawapo.

Lakini muangalie tarehe. Agosti 1, 1964, Simba walikuwa wamekwisha kuingia Kindu tangu Julai. Wazee wetu wanaikumbuka miaka hiyo kwa kukimbia msituni, hawaikumbuki kwa katiba. Karatasi nzuri kuliko zote ilifika wakati hakuna mtu nyumbani wa kuisoma. Hilo tulitie akilini, maana limeturudia mara nyingi: haki inagawanywa siku ambayo sisi tuko njiani na magodoro kichwani.

Novemba 24, 1965, Mobutu akachukua utawala. Mwaka wa 1966 majimbo madogo yakaunganishwa tena, na Maniema ikarudishwa ndani ya Kivu. Katiba ya Juni 1967 ikaacha nyumba moja tu ya bunge. Seneti ikafa. Magavana wakawa watu wa kutumwa na raisi, wengi wao wageni katika jimbo wanaloliongoza.

Jambo la kushangaza ni kwamba ndugu zetu wa Kenya walipita njia hiyohiyo wakati uleule. Walipopata uhuru 1963 walikuwa na katiba ya majimbo, pamoja na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Mwisho wa 1966 Seneti hiyo ikavunjwa na maseneta wakaingizwa katika nyumba moja. Wao Kenya hawakuwa na Mobutu wala vita vya Simba, lakini sababu ilikuwa moja: mtu anayetaka madaraka yote yakae katikati hapendi nyumba ambayo kila jimbo lina kiti kilicho sawa. Kenya walirudisha Seneti kwa katiba ya 2010, na wakaichagua kwa mara ya kwanza 2013. Sasa kila kaunti kati ya 47 inachagua seneta wake, na wananchi wenyewe ndio wanaopiga kura. Mwaka wa 2020 maseneta hao walibishana wiki nyingi juu ya namna ya kugawa pesa za kaunti, kwa sababu hesabu mpya ingezipunguzia pesa kaunti za ukame zenye watu wachache. Walirudi kwenye kura mara kwa mara, wakakubaliana Septemba 17. Wale wa kaunti ndogo walikuwa na mahali pa kusema hapana. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya nyumba ya juu.

Sisi tulikaa bila Seneti kutoka 1967 hadi 2003. Katikati ya miaka hiyo, Julai 1988, Kivu iligawanywa mara tatu na Maniema ikawa jimbo tena. Lakini lilikuwa jimbo bila bunge la kulisemea na bila kiti cha Seneti.

2003: Seneti ya waliopigana

Vita vya 1998 vilipokwisha, makubaliano ya Pretoria na Sun City yalileta serikali ya mpito 2003, na Seneti ikafufuka ikiwa na watu 120. Tuseme ukweli: hawakuchaguliwa na jimbo lolote. Waliteuliwa na makundi yaliyotia sahihi, na baadhi ya makundi hayo ndiyo yaliyokuwa yanapigana katika vijiji vyetu. Watu wa Kasongo na Kabambare waliokuwa wamepoteza ndugu waliwasikia watu haohao kwenye redio wakiitwa waheshimiwa.

Hata hivyo ni Seneti hiyo iliyopewa kazi ya kutayarisha mwandiko wa kwanza wa Katiba tunayotumia leo. Bunge la Taifa likaupitisha Mei 2005, na sisi tukaupigia kura Desemba 18 na 19, 2005. Ndani yake viliingia vile viti vinne kwa kila jimbo. Wabunge wa jimbo waliwachagua maseneta Januari 2007. Majimbo makubwa kama Katanga na Équateur, ambayo yalingojea kugawanywa, yalipewa viti vya majimbo yatakayozaliwa. Sisi tulikuwa tumekwisha kugawanywa tangu 1988, ndiyo sababu mwaka wa 2015, majimbo yalipotoka 11 kufika 26, mipaka ya Maniema haikuguswa, na viti vyetu vikabaki 4.

Januari 2015: siku mlango wa pili ulifunguka

Kama kuna siku moja ya kuwaeleza vijana maana ya nyumba ya pili, ni hii. Januari 17, 2015, Bunge la Taifa lilipitisha sheria ya uchaguzi ambayo ndani yake kulikuwa na maneno ya kufunganisha uchaguzi na hesabu ya watu wa nchi nzima. Kuhesabu watu katika nchi isiyo na barabara ni kazi ya miaka. Kila mtu alielewa: uchaguzi wa 2016 utasogezwa, na raisi atabaki. Januari 19 watu waliingia barabarani Kinshasa, halafu katika miji mingine kama Goma na Bukavu. Wengi waliuawa.

Sheria ilikuwa bado haijapita Seneti. Januari 23 maseneta, chini ya mwenyekiti wao Kengo wa Dondo, waliyaondoa maneno yale. Siku mbili baadaye Bunge la Taifa nalo likakubali, na sheria ikapita bila kifungo kile.

Sitaki kuwapamba maseneta wale. Muda wao wenyewe ulikuwa umekwisha tangu 2012. Na bila vijana wa barabarani, sijui kama wangethubutu. Lakini fikirini upande wa pili: kama tungekuwa na nyumba moja tu kama 1967, Januari 17 jioni kazi ingekuwa imekwisha. Vijana wangepiga kelele mbele ya mlango uliokwisha kufungwa. Sheria ilipokuwa bado inangojea katika nyumba ya pili, kulikuwa na siku sita za watu kusema. Nyumba ya juu haizidi Bunge kwa akili. Inawapa watu muda, na mlango wa pili wa kubisha.

Inaweza nini, haiwezi nini?

Tusidanganyane juu ya nguvu zake. Sheria inapita nyumba zote mbili. Zisipokubaliana, kunaundwa tume ya watu wa pande mbili kwa idadi sawa. Ikishindikana kabisa, Bunge la Taifa ndilo linalokata neno la mwisho. Kuangusha serikali pia ni kazi ya Bunge la Taifa, Seneti haiwezi. Lakini Seneti inaweza kumwita waziri na kumwuliza maswali, inaweza kuunda tume ya uchunguzi. Vita haviwezi kutangazwa bila ruhusa ya nyumba zote mbili. Raisi anaweza kuvunja Bunge la Taifa kukiwa na mgogoro mkubwa na serikali, lakini Seneti hawezi kuivunja. Na kiti cha raisi kikibaki wazi, mwenyekiti wa Seneti ndiye anayekikalia kwa muda, mpaka uchaguzi. Kutoka Julai 2019 hadi Februari 2021 mwenyekiti huyo alikuwa mtu wa Maniema, Alexis Thambwe Mwamba.

Kuna jambo moja ambalo ningependa maseneta wa majimbo maskini waliamke nalo asubuhi na walilale nalo usiku. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na jimbo lijikatie palepale pesa zinapoingia. Kifungu cha 181 kinaweka mfuko wa asilimia 10 wa kusawazisha majimbo, ili yale yaliyobaki nyuma yapate kuinuka. Hayo yameandikwa tangu 2006. Pesa bado zinapanda kwanza Kinshasa, halafu zinashuka kidogokidogo. Ninyi mnaosukuma baiskeli za mpunga na mawese kutoka Kabambare mpaka Kasongo mnajua zinashuka kiasi gani. Katika Bunge la Taifa, wabunge wa Maniema ni wachache mbele ya watu wa miji mikubwa. Katika Seneti, majimbo ambayo hayaoni pesa hizo yana viti vingi yakiungana. Ni pale, kuliko mahali pengine, swali hili lingeulizwa mpaka lijibiwe.

Kamba ilipooza

Sasa narudi kwa mama wa sombe. Mama, seneta tulimpigia kura siku ileile tuliyompigia mbunge wa jimbo. Ile karatasi ya depite wa jimbo ilikuwa na seneta ndani yake, na ilikuwa na gavana pia, kwa sababu wabunge wa jimbo ndio wanaowachagua wote wawili. Ni kamba moja: sisi tunamshika mbunge wa jimbo, mbunge wa jimbo anamshika seneta.

Kamba hiyo ikikaa bila kuguswa, inaoza. Wabunge wa jimbo tuliowachagua Oktoba 2006 walipaswa kumaliza baada ya miaka mitano. Uchaguzi mwingine wa jimbo haukufanyika mpaka Desemba 30, 2018. Kwa hiyo maseneta wa 2007 walikaa mpaka 2019: miaka 12 kwa kazi ya miaka 5. Mtoto aliyezaliwa Kabambare siku walipochaguliwa alikuwa amekwisha kukimbia mara mbili, tatu, kabla hawajabadilishwa.

Na uchaguzi wa maseneta wa Machi 14, 2019 ulipofika, katika majimbo kadhaa kulisikika mashtaka ya kura kununuliwa kwa dola, mpaka raisi akasimamisha kwa muda kuwekwa kwa maseneta wapya. Halafu wakawekwa. Si ajabu. Wapiga kura wakiwa ni wabunge wachache wa jimbo, ni rahisi kujua mlango wa kila mmoja. Wengine wanasema basi tufanye kama Kenya, kila mwananchi ampigie seneta kura moja kwa moja. Wengine wanasema Seneti inakula pesa bure, ifutwe. Mimi kwa hilo la kwanza nina sikio. Kwa hilo la pili, nawakumbusha 1967: tulipofutiwa Seneti hatukupata barabara badala yake.

Mwaka wa 2024 Seneti ikafanywa upya na wabunge wa jimbo waliotoka katika uchaguzi wa Desemba 20, 2023. Na hapa ndipo jambo linapotugusa sisi tuliohama.

Viti vya wabunge, wa taifa na wa jimbo, vinagawanywa kwa teritwari kufuatana na idadi ya watu walioandikishwa pale. Mtu wa Salamabila au wa Wamaza aliyekuwa mkimbizi mahali pengine wakati wa kuandikishwa, mwanzoni mwa 2023, akachukua karte yake huko, alihesabiwa huko. Hakufanya kosa, mtu anajiandikisha pale alipo hai. Lakini watu wengi wakifanya hivyo, uzito wa Kabambare katika bunge la jimbo unapungua. Na bunge la jimbo ndilo linalochagua maseneta. Maniema ina teritwari saba pamoja na mji wa Kindu, na viti vya Seneti ni vinne. Hesabu ni rahisi: si kila teritwari itasikika. Ile yenye wabunge wachache Kindu itakuwa ya mwisho kusikika.

Vita vinatupunguza katika kila hesabu ya vichwa. Kiti cha Maniema katika Seneti hakipungui. Tukimbie wote tubaki kumi, viti ni vinne. Kwa hiyo kile kiti ni kama shamba la ukoo: mwenyewe akiondoka, shamba linabaki palepale. Lakini ninyi mnajua vizuri kuniliko yanayopata shamba lenye mwenyewe asiyekuja kuliangalia. Mnalikuta limelimwa na wengine.

Basi naomba mambo matatu kwa vikundi vyetu. La kwanza: kila kikundi kiandike orodha ya wanachama wake waliorudi ambao karte zao ni za mahali pengine, ili siku CENI itakapofungua tena daftari, tusianze kuulizana. La pili: mbunge wa jimbo anapokuja kwetu likizo ya bunge, tusimwulize juu ya mabati tu. Tumwulize: “Seneta gani ulimpa kura, na alikuahidi nini juu ya barabara ya Kabambare na juu ya asilimia 40?” Ana haki ya kuificha kura yake, lakini swali litamfanya ajue kwamba tunajua. La tatu: majina ya maseneta wanne wa jimbo letu yabandikwe kwenye barza ya kila kikundi. Watoto wanajua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya. Wanaweza kujua na hayo manne.

Nilirudi katika kile kijiji, nikamweleza mama kama nilivyowaeleza ninyi, kwa ufupi zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga sombe yake, akasema: “Kumbe nilimupigiaka, na mimi sikujua. Safari nyingine, huyo depite atakuja kuniomba kura hapa. Nitamuuliza kwanza huyo mwingine ni nani.”